Kufuli la Chama na Neno la Bi Mwatima

Bi Mwatima Makame alikuwa na maneno mawili tu ya kazi, na kwa hayo mawili ameishi Guangzhou miaka kumi na sita bila kumwomba mtu chumvi. La kwanza ni "nimeona." La pili ni "nimesikia." Asubuhi huingia soko la nguo la Shahe, mkoba begani, akapenya katikati ya wabeba marobota, akasimama mbele ya meza ya jinzi, akaigeuza moja nje ndani na kuuvuta mshono kwa kucha mpaka mwenye duka apige kelele. Halafu husogea pembeni akamrekodia ujumbe wa sauti mnunuzi aliyeko Kariakoo au Darajani. "Nimeona suruali mia tatu. Mshono wa ndani ni mmoja, si miwili. Zipu nimevuta ishirini, mbili zimekwama. Laoban, mwenye duka, anasema hazichuji rangi. Hilo nimesikia, sikuzifua." Basi, hapo mnunuzi ataamua mwenyewe na roho yake.

Wengine mjini humo hawana maneno mawili. Wana moja tu, na neno lenyewe ni "moto." Mzigo moto, bei moto, wahi bosi usichelewe. Robota hawajalifungua, hata kamba yake hawajaigusa, lakini wameshaapa kwa Mungu na kwa mama zao. Mwatima aliwadharau watu hao dharau safi, isiyo na haya, na kusema kweli walistahili. Yeye alisoma chuo cha Kurani Makunduchi, na huko alifundishwa angali mdogo kwamba neno haliji peke yake: lina aliyelisema, naye kalipokea kwa mtu, na mtu huyo huulizwa kama ni mkweli au ni msahaulifu. Alilijua hilo akiwa na miaka minane. Ikamchukua miaka arobaini na tano kukutana na mtu mwenye shahada mbili, na ya tatu njiani, aliyeligundua upya.

Mtu huyo aliitwa Respicius, kijana wa Bukoba aliyekuja kwa ufadhili kusomea udaktari wa mambo ya kompyuta. Watu walimwita Dokta, ingawa tasnifu yenyewe ilikuwa bado inarudishwarudishwa na profesa wake. Ana adabu, hilo lisemwe mapema, kwa kuwa itachukua muda kabla hatujapata jema jingine la kumsemea. Aliyemleta kwenye chama cha wafanyabiashara ni mwenyekiti, Abdulwakil, bwana mwenye mihuri minne na kazi isiyozidi ya muhuri mmoja.

Waliitisha kikao kwenye mgahawa wa Myemeni, pale mtaa wa Xiaobei. Respicius akaweka vikombe viwili vya chai mezani.

"Angalieni, wazee wangu. Kikombe hiki ni kiwanda. Hiki ni uzi mbovu." Akalaza kijiti cha meno katikati yake. "Kijiti ni 'kinatumia.' Kiwanda kinatumia uzi mbovu. Hiyo ni kauli moja. Tukiwa nazo elfu, zikashikana, tunapata grafu, yaani wavu mzima wa mambo tunayoyajua sisi hapa mjini. Mtu akija na oda yake anauliza, anajibiwa."

"Na nani kasema?" Mwatima akauliza.

Respicius akatabasamu, maana hilo ndilo alilokuwa akilingojea. Akavipandisha vikombe pamoja na kijiti chake juu ya sinia. "Sasa sinia zima ni kitu kimoja, Mama, na mimi naweza kulisemea sinia. Nani kalileta, lini, kaona au kaambiwa. Hiyo tunaiita kauli juu ya kauli."

"Na kila kitu kina kufuli lake," akadakia Abdulwakil. "Atakayeruhusiwa kuona ataona, asiyeruhusiwa haoni. Hapa siyo barazani."

Mwatima alifurahi, na hakumficha mtu. Kwa mara ya kwanza alimsikia msomi akisema jambo lenye maana. Alikubali kuwapa maneno yake, nao wakamwandikia barua ya kumteua kuwa Shahidi wa Daraja la Kwanza, wa kwanza na, kwa miezi mingi, wa pekee. Barua ilikuwa na mihuri yote minne. Aliicheka sana barua ile alipokuwa kwa rafiki yake Swalha, halafu akaenda kuihifadhi kwenye droo moja na pasipoti yake.

Swalha huyo walikaa naye jengo moja, yeye Mwatima ghorofa ya nne, Swalha ya saba. Ni mjane wa Dar es Salaam, anayekusanya mizigo ya wafanyabiashara wadogo, wale ambao hawawezi kujaza kontena peke yao, akaiunganisha na kuipeleka bandarini Nansha. Kila Ijumaa alimteremshia Mwatima pilau kwenye bakuli la bluu. Jumamosi Mwatima alilipandisha bakuli likiwa na kaimati, kwa kuwa chombo cha watu hakirudi kitupu. Miaka kumi na mmoja walikwenda hivyo, na lifti ya jengo ikiwa mbovu miaka tisa kati ya hiyo.

Siku moja Mwatima alikuwa akinywa chai kwa Myemeni. Meza ya pili walikaa wanaume wawili wa Dar, wote wawili wakiitwa Abubakary, wakilalamika kwa sauti ya kusikiwa na mtaa. Marobota yao yamefika nyumbani, kumbe ndani mna nguo za watu wengine. Swalha kawabadilishia mizigo, na anayebisha abishe. Wiki ileile Respicius akapita na kompyuta yake kukusanya kauli.

"Upande wa kago kuna lolote, Mama?"

Mwatima akasema polepole, akihesabu kwa vidole. "Andika, na uandike kama ninavyosema. Nimesikia kwa watu wawili kwamba Swalha hubadilisha mizigo ya wateja. Nimesikia. Sikuona. Na hao wawili siwajui ukweli wao."

Kijana akaandika, akamsomea, akaitikiwa kwa kichwa. Mwatima akarudi nyumbani ameridhika na uangalifu wake. Ijumaa pilau ikaja, akaila yote, wakazungumza na Swalha habari za lifti. Jumamosi hakulirudisha bakuli. Alijiambia kwamba ana kazi nyingi soko la Shisanhang.

Sasa njoo uone kazi ya wenye akili. Viongozi watatu wa chama, Dokta naye akihesabiwa mmoja wao, walikaa wakagawa ruhusa. Kauli zenyewe wanachama wote wazione, ndiyo faida ya uanachama. Kauli juu ya kauli, yaani nani kasema na kwa njia gani, zibaki kwa viongozi, kwa sababu watu wakijua nani kamsema nani itakuwa fitina. Jambo hili lilisikika kama busara. Abdulwakil alilipigia muhuri, Respicius akazungusha ufunguo, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kilichobaki ni nini. Maana kwenye mashine yake, "nimesikia" na "sikuona" na "siwajui" havikuwa kwenye vikombe. Vilikuwa kwenye sinia. Sinia wakalichukua viongozi wakaenda nalo chumbani, na wanachama mia mbili wakaachiwa vikombe mezani: Swalha hubadilisha mizigo ya wateja.

Hawakuishia hapo. Ili mwanachama ajue uzito wa neno bila kumjua mwenye neno, wakaweka pembeni yake tiki ya kijani na maandishi "Daraja la Kwanza." Shahidi wa daraja la kwanza alikuwa mmoja tu jimbo zima la Guangdong. Hata paka wa Myemeni alimjua.

Ijumaa iliyofuata pilau haikuja. Mwatima akadhani Swalha yuko Nansha. Ijumaa ya pili haikuja. Jumatatu yake, akiwa Shahe amekaa juu ya robota akihesabu vifungo, akapigiwa simu na Sufian, mnunuzi wake wa siku nyingi wa Kariakoo.

"Bi Mwatima, Mungu akuweke. Mzigo wangu nimeshauhamisha kutoka kwa Swalha. Wote tumehama. Ukishasema wewe umeona, sisi ni nani tena?"

"Nimeona nini?"

"Hilo la kubadilisha mizigo. Limo kwenye mtandao wa chama, lina tiki ya kijani. Kwani si wewe?"

Miaka kumi na sita hajawahi kusema ameona asichokiona, na leo mia mbili wamesoma kwamba ameona, na aliyeonwa ni Swalha. Asipoweza kuwaonyesha watu lile neno lake la "sikuona," basi amekwisha: atakuwa shahidi wa uongo, tena dhidi ya mtu anayempikia. Alifunga mkoba akaondoka na vifungo nusu havijahesabiwa, jambo ambalo halikupata kutokea.

Ofisi ya chama ni chumba kimoja juu ya duka la mabegi. Aliwakuta wote wawili, kijana na mwenyekiti.

"Shikamoo, Mama," Respicius akasimama.

"Marahaba utaipata baadaye. Nifungulie maneno yangu niyaone."

Kijana akabofya, akakuna kichwa. "Kwa akaunti yako unaona kauli tu, Mama. Ile ya juu yake imefungwa."

"Ile ya juu yake kaisema nani?"

"Wewe."

"Na mimi siruhusiwi kuiona?"

"Kauli ni ya kwako, Mama, lakini ruhusa ni ya viongozi."

Mwatima akamgeukia mwenyekiti. Abdulwakil alikuwa akipanga mihuri yake kwa urefu.

"Bi Mwatima, tumefanya hivi kukulinda wewe. Jina lako tumelificha."

"Mmelificha jina mkauacha uongo. Na uongo wenyewe mmeutia tiki."

"Siyo uongo huo. Ni kauli."

Mtu mzima huyo, ana wajukuu, kasema hivyo bila kucheka. Mwatima ameambiwa meiyou, yaani hakuna, na wauza nguo wa mji mzima, lakini meiyou ya dukani huisha ukiongeza oda. Ya Abdulwakil haikuwa na dawa. Alimweleza kwamba maombi ya kufunguliwa kauli juu ya kauli hupelekwa kwa kamati ya watu watatu, mmoja yuko likizo Tanga, na fomu ya maombi yenyewe bado haijatungwa.

Respicius, aliyekuwa ameona haya, akaleta dawa yake. Kwa nini wasiifunge na kauli yenyewe, ile ya Swalha, isionekane na mwanachama yeyote? Abdulwakil akaipenda, ila akasema chama ni cha uwazi, kwa hiyo wanachama watangaziwe. Kesho yake asubuhi simu zote mia mbili zikalia. Tangazo lilisema: "Uongozi umeifunga kauli 'Swalha hubadilisha mizigo ya wateja'. Inachunguzwa."

Tangazo nalo ni kauli juu ya kauli, lina ruhusa yake, na ruhusa yake waliiacha wazi. Vikombe walivifungia kabatini kwa kufuli, halafu wakazungusha sinia lenye vikombe vilevile meza kwa meza. Waliokuwa hawajasoma wakasoma. Waliosoma wakaona kumbe sasa kuna na uchunguzi. Wahenga walishasema habari za kuchamba kwingi, na sina haja ya kumalizia. Mwisho wa wiki Swalha alikuwa na ghala tupu na mteja mmoja, bibi mmoja wa Tanga asiyejua kusoma.

Jumapili ukaitishwa mkutano mkuu kwa Myemeni. Swalha alikuja, akakaa nyuma na bahasha ya karatasi za mizigo mapajani. Hakumtazama Mwatima. Abdulwakil akafungua kwa dua, akafuatisha ajenda, na ajenda ya kwanza ilikuwa ni kupitisha ajenda. Mwatima hakungoja ya pili. Akasimama.

"Nina swali dogo, mnijibu kwa mikono. Nani hapa kamwona Swalha akibadilisha mzigo wa mtu? Kamwona, kwa macho haya mawili."

Hakuna mkono uliopanda.

"Nani kaambiwa?"

Ikapanda zaidi ya thelathini.

"Na nani?"

Watu wakatazama simu zao, kisha wakamtazama yeye.

"Haya. Na mimi nilisema nini? Neno langu lote, si kichwa chake tu bila kiwiliwili. Nani analijua? Tunaolijua ni wanne. Mimi, na hawa wawili waliokaa mbele, na mmoja yuko Tanga anakula samaki. Dokta, fungua."

"Utaratibu ni kamati..." Abdulwakil akaanza.

Respicius alimtazama mwenyekiti, akamtazama Mwatima. Kisha akaigeuza kompyuta kuelekea watu, akaifungua kauli kwa ufunguo wake mwenyewe, na akaisoma kwa sauti kubwa, masikio yamemwiva. Hili ndilo lile jema la pili. "Amesikia kwa watu wawili. Hakuona. Hao wawili, yeye hawajui ukweli wao. Imesemwa na Mwatima Makame."

Ukumbi ukavuma. Mmoja akasema astaghfirullah, mwingine akamwomba mwenyekiti aeleze mihuri minne ni ya nini. Sufian, aliyekuwa akisikiliza kwa simu kutoka Kariakoo, akapaza sauti kwamba aliyemkosea Swalha aende akamwombe radhi, na kwamba yeye ni wa kwanza. Mwatima alihisi mwili mwepesi. Jina lake limerudi safi, mbele ya watu. Akageuka nyuma kumtafuta rafiki yake, uso umeshaanza kukunjuka.

Swalha alikuwa amesimama.

"Umemaliza, shoga?"

"Nimemaliza. Umesikia mwenyewe, nilisema sikuona."

"Nimesikia." Swalha akazitoa karatasi kwenye bahasha, akazilaza juu ya meza ya mwenyekiti moja moja. "Hao watu wawili ni Abubakary na Abubakary. Wote waliandika alama moja kwenye marobota yao, ABU DAR, kwa kuwa kila mmoja alidhani ni Abu peke yake mji huu. Kufika Dar, huyu kachukua la yule, yule la huyu. Wiki ya pili wakarudishiana wenyewe wakacheka. Alama hizi, na sahihi zao hizi. Zilikuwa nyumbani kwangu mwezi mzima. Ghorofa ya saba."

"Mimi sikujua..."

"Ungeniuliza ungejua. Ulimwambia kijana wa kompyuta. Kijana akaiambia mashine yake, mashine ikawaambia viongozi watatu. Ijumaa ileile ukala pilau yangu, tukazungumza habari za lifti." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Hawa wamewafungia watu mia mbili lile sikuona lako. Wajinga, sawa. Lakini hayo uliyoyasikia juu yangu nani kanifungia mimi? Katika watu wote, Mwatima, mimi ndiye uliyeninyima ruhusa."

Akazikusanya karatasi zake akaondoka. Watu walimpisha njia.

Nyani haoni kundule, na Mwatima alikuwa ameyaona ya kila mtu. Aliwacheka wenye neno moja kwa sababu yeye anayo mawili, na kumbe kulikuwa na la tatu, "nimemuuliza mwenyewe," ambalo halihitaji shahada wala muhuri. Lilihitaji kupanda ngazi za ghorofa tatu tu. Aliibeba tahadhari yake yote akaipeleka kwa wageni, na aliyestahili kuulizwa akampa maneno ya lifti. Alitoka pale mgahawani peke yake, watu wakimpongeza, na kila pongezi ilimchoma.

Nyumbani, bakuli la bluu lilikuwa bado liko juu ya kabati tangu Jumamosi ile. Aliitoa barua ya mihuri minne kwenye droo, akaichana, akataka kuwashia nayo moto, asiweze. Jiko lake ni la umeme. Akaitupa tu kwenye taka. Kisha akakanda unga, akangoja uumuke, akakaanga kaimati, akazitia shira, akalijaza bakuli mpaka juu. Akapanda ngazi, akipumzika kila ghorofa kwa ajili ya magoti.

Swalha alifungua mlango nusu.

"Umesikia nini tena?"

"Nimesikia una hasira na mimi," Mwatima akasema. "Nimekuja kukuuliza mwenyewe."

Swalha akalitazama bakuli, akamtazama mwenye kulibeba.

"Ninayo," akasema. "Tena nyingi."

Hakulipokea bakuli. Mlango hakuufunga. Alirudi jikoni kuendelea na vyombo vyake, na Mwatima akabaki amesimama kizingitini, kaimati zikipoa mikononi mwake.